Zoom H1n kwenye baraza la Bagamoyo: rekoda kwa wanaotafiti kifafa, degedege na maradhi ya akili

Mama anasimulia ugonjwa wa mwanawe na kusema "aliangushwa". Msaidizi wa utafiti anaandika kwenye daftari "alianguka". Kwenye karatasi zimepungua herufi chache tu, lakini kwa anayetafiti kifafa jambo lote limepotea hapo. Aliyeanguka ameugua, aliyeangushwa, kuna aliyemwangusha, na huyo ndiye familia itakayemtafuta kwanza kabla ya kufika hospitali. Ndiyo maana rekoda yoyote ya mahojiano ya afya tunaipima kwa neno hilo: je, ile "sh" inasikika unapokaa jioni kunukuu? Zoom H1n inainasa vizuri, tena kwa kifaa kidogo kinachoshikika mkono mmoja. Ila ina tabia zake, na asiyezijua ataipoteza "sh" hiyohiyo akiwa na rekoda nzuri mkononi.

Neno moja lina uzito huo hasa hapa. Mwaka 1996 zilichapishwa tafiti mbili kutoka wilaya hii ya Bagamoyo, moja ya Winch na wenzake kuhusu majina ambayo watu wanayapa magonjwa ya homa, nyingine ya Makemba na wenzake kuhusu tiba ya degedege. Zilionyesha kwamba kwa akina mama wengi homa ya malaria na degedege vilikuwa vitu viwili. Homa ya malaria ni ya hospitali. Degedege, kwao, husababishwa na shetani wa pwani anayejigeuza ndege, na kivuli chake kikimpata mtoto usiku wa mbalamwezi, mtoto anakakamaa. Daktari akimwona mtoto huyohuyo anaona malaria iliyopanda kichwani. Ujumbe wa kinga uliotaja "malaria" peke yake ulikuwa haumgusi mama aliyekuwa akiogopa degedege. Hayo yote yalijulikana kwa sababu kuna waliosikiliza jina lenyewe, bila kulitafsiri papo hapo kuwa "malaria kali".

Wanaosoma sosholojia ya tiba na sayansi ya ubongo watamkumbuka Nikolas Rose wa Uingereza, aliyeanza na biolojia, akahamia saikolojia na sosholojia, akafundisha LSE, chuo cha uchumi na siasa cha London, kisha King's College London kuanzia 2012. Mwaka 2013, pamoja na Joelle Abi-Rached, alitoa kitabu kizima kuhusu namna sayansi ya ubongo ilivyotoka maabara na kuingia katika maisha ya watu. Hoja yao mojawapo ni kwamba lugha ya ubongo haikuifuta lugha ya nafsi iliyokuwapo. Imekuja kukaa juu yake. Hoja hiyo ukitaka kuijaribu Bagamoyo, dodoso la kuweka vema halitakusaidia. Utahitaji sentensi nzima, jinsi ilivyotamkwa, ya mtu anayesema kwa pumzi moja kwamba anameza dawa za kifafa kila jioni na kwamba kile kitu hakijamtoka. Je, alisema "ubongo", "kichwa", "akili" au "moyo"? Alisema "akili zimemruka" au "amepandisha"? Kumbukumbu ya msikilizaji huyasawazisha maneno haya bila mwenyewe kujua. Rekoda haisawazishi.

Sasa kifaa chenyewe. H1n ilitoka 2018. Juu ina maikrofoni mbili zilizopishana kwa nyuzi 90, zimekingwa na kizimba cha plastiki. Mbele kuna gurudumu la kiwango cha sauti lenye namba hadi 10, kioo kidogo chenye mwanga, kitufe kikubwa cha REC, na vitufe vinne vya LO CUT, AUTO LEVEL, LIMITER na FORMAT. Uzuri wa vitufe hivyo ni kwamba hakuna menyu ya kuzama ndani yake mhojiwa akiwa ameshaanza kusema. Inatumia betri mbili za AAA, zile za rimoti, na kadi ya microSD isiyozidi GB 32. Kumbukumbu ya ndani haina, kwa hiyo bila kadi hurekodi kitu. Nyuma kuna tundu la skrubu ya tripodi na spika ndogo. Spika hiyo inatosha kuhakikisha kwamba sauti imeingia, ila haitoshi kuhukumu ubora. Kwa hilo vaa hedifoni.

Plastiki yake ni nyepesi, na hapo ndipo lawama yetu ya kwanza. Ukiishika mkononi wakati inarekodi, kila kidole kinachosogea kinaingia kama mtu anayekwaruza kopo. Usiishike. Ukiiweka juu ya meza tupu ya mbao au ya plastiki napo mambo ni yaleyale: kikombe cha chai kikitua, mtetemo unapita kwenye meza hadi kwenye maikrofoni na kumeza silabi mbili. Kunja kanga mara nne, iweke juu yake. Au tumia tripodi fupi na uweke miguu yake juu ya kanga. Kwenye mkeka au jamvi, weka kigoda kati yenu, kanga juu ya kigoda, rekoda juu ya kanga, maikrofoni zikielekea kinywa cha msimuliaji kwa umbali wa sentimita 30 hadi 40. Sauti yako wewe muulizaji ikiwa ndogo si neno. Maswali yako unayo kwenye karatasi.

Kiwango cha sauti ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu AUTO LEVEL inavutia. Ukiiwasha, rekoda inapandisha sauti yenyewe mtu akinong'ona na kuishusha akipaza. Kwa mkutano wa kijiji hilo linafaa. Kwa mahojiano ya mtu mmoja kuhusu ugonjwa anaouonea haya, linaharibu. Msimuliaji anapofika mahali pagumu hunyamaza. Sekunde nne, tano, sita. AUTO LEVEL inadhani sauti imepotea, inaanza kupandisha kilichopo: pangaboi, kuku, bahari. Jioni anayenukuu anasikia mngurumo unakua na kushindwa kujua kama mama alinyamaza, alivuta pumzi au alisema jambo taratibu. Kimya kile kilikuwa jibu, na kimefukiwa. Kwa hiyo izime. Weka gurudumu kwenye 5 au 6, mwombe msimuliaji akuambie ametoka wapi asubuhi na amekula nini, tazama mistari kwenye kioo, na urekebishe mpaka vilele viguse karibu na desibeli -12. LIMITER iache imewaka, kwa sababu mtu akicheka au kulia ghafla itazuia sauti kupasuka. LO CUT, inayokata mingurumo mizito, iweke kwenye Hz 80 kama pangaboi linazunguka. Ukipanda hadi 160 unaanza kukonda sauti nzito za wazee wa kiume.

FORMAT, yaani aina ya faili, tunasisitiza. MP3 ya kiwango cha chini kabisa inaokoa nafasi usiyoihitaji na inakula sauti za juu, na sauti za juu ndizo zinazobeba "s", "sh", "f" na "th". Humo "aliangushwa" na "alianguka" vinakaribiana. Rekodi kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, ya kHz 44.1 na biti 16. Saa moja inachukua takribani MB 635, na kadi ya GB 32 inabeba kama saa 50, kazi ya wiki mbili au tatu kwa timu ndogo. WAV ya kHz 96 na biti 24 inazidi GB 2 kwa saa, na kwa maneno ya binadamu hutapata cha ziada. Kama huna budi kutumia MP3, usishuke chini ya kbps 128.

Faida ambayo simu nyingi hazitakupa kirahisi ni pande mbili za sauti. Mahojiano ya kifafa mara nyingi yana watu wawili, mgonjwa na mlezi wake, kwa sababu mgonjwa hakumbuki kilichotokea wakati wa kukakamaa. Aliyeona ni mama, dada au mke. Wanadakiana maneno. Mkalishe mgonjwa kushoto kwa rekoda na mlezi kulia, kisha andika mpangilio huo kwenye daftari. Wakati wa kunukuu ukiwa na hedifoni, mmoja yuko sikio hili, mwingine lile, na hata wakisema pamoja unajua nani alisema "nilikuwa najisikia" na nani akamkatiza, "hapana, hukujisikia, ulikuwa umeshaondoka". Kukatizwa huko nako ni data. Kunaonyesha nani ndani ya nyumba ana mamlaka ya kuusimulia ugonjwa.

Kwa majadiliano ya kikundi H1n inapungukiwa. Maikrofoni zake zinatazama mbele. Walio nyuma yake wanasikika kama wako chumba cha pili. Watu 6 hadi 8 wakalishe nusu duara na rekoda ikae mita moja mbele yao, AUTO LEVEL ikiwa imewashwa safari hii. Zaidi ya hapo tafuta rekoda ya pili.

Upepo ni adui mkubwa kuliko kelele zote za Bagamoyo. Kusi inapovuma, kuanzia karibu Mei hadi Septemba, baraza linalotazama bahari halifai kabisa bila kofia ya upepo, kwani ule mpulizo unagonga maikrofoni moja kwa moja na hakuna programu ya kuuondoa baadaye bila kuondoa na maneno. Kofia ya manyoya ndiyo inayofanya kazi. Kofia ya sponji inatosha ndani ya nyumba yenye madirisha wazi. Wengine hukata kipande cha sponji la godoro na kukitoboa. Kinasaidia dhidi ya pumzi, ila kikiwa kinene kinazima "sh" kama MP3 mbovu, kwa hiyo kisizidi unene wa kidole. Kuifunika rekoda kwa kanga usijaribu, maana kanga inapepea na kujirekodi yenyewe. Njia rahisi kuliko zote ni kupanga saa. Anza saa mbili asubuhi, kabla upepo wa bahari haujashika, na ukae upande wa nyumba uliojikinga. Wakati wa masika chunguza paa kwanza: mvua ikianza chini ya bati, zima, subirini, muendelee ikipita. Adhana nayo ina saa zake zinazojulikana, na si adabu kumwuliza mtu swali juu ya adhana. Tua.

Betri. Kampuni inasema saa 10 kwa betri za alkali, na hesabu hiyo ni ya betri mpya zenye ubora. Zile za bei rahisi za dukani, zisizo za alkali, hushuka haraka na kushuka kwake hakuna adabu: kioo kinaonyesha zimejaa, dakika ishirini baadaye kimezima. Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, faili linaweza kubaki halijafungwa vizuri na likakataa kufunguka. Kwenye mpangilio kuna mahali pa kuchagua aina ya betri. Ukitumia za kuchaji chagua hiyo, la sivyo kipimo kitakudanganya. Inakubali pia umeme wa USB, kwa hiyo pawabenki ndogo na waya wa micro-USB ni akiba nzuri kwa siku ndefu. Betri usiziache ndani rekoda ikikaa wiki kadhaa bila kazi. Hewa ya chumvi na betri iliyovuja vikikutana, zile bati za ndani zinaota ukungu wa kijani. Sugua taratibu kwa raba ya penseli, futa kwa kitambaa kikavu. Ihifadhi kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Kadi bandia zimejaa madukani na hili linagharimu utafiti mzima. Kadi inaandikwa GB 32, kompyuta inasoma GB 32, kumbe ndani ni GB 4, na kila kinachozidi hapo kinaandikwa hewani. Kabla ya kazi ijaze kadi mpya mpaka isiingie kitu, kisha fungua faili la mwisho usikilize. Likifunguka safi, ifomati ndani ya rekoda yenyewe, wala si kwenye kompyuta.

Maikrofoni ya kubana kwenye nguo inafaa chumba cha kliniki chenye watu wengi, lakini nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa ajili ya simu. Tazama kichwa cha waya: chenye pete tatu nyeusi ni cha simu na hapa kitaleta mngurumo au kimya, chenye pete mbili ndicho kinachoingia H1n.

Kuhusu ruhusa, H1n ina wema na ina upungufu. Wema ni ile taa nyekundu. Watu wa Bagamoyo wamezoea watafiti. Taasisi ya Afya Ifakara ina tawi hapa, na wilaya ilikuwa miongoni mwa vituo vya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Kwa hiyo utaulizwa waziwazi sauti inakwenda wapi. Simu ikiwekwa mezani wengi wanahofia WhatsApp, na hofu hiyo ina msingi, kwa sababu simu nyingi hupandisha mafaili mtandaoni zenyewe. Rekoda haina laini wala intaneti, na hilo linaelezeka kwa sentensi mbili: "Shikamoo bibi. Kifaa hiki hakina laini wala intaneti. Taa hii ikiwa nyekundu sauti inaingia, ukitaka nizime wewe niambie tu 'zima', hutaulizwa sababu." Mwonyeshe taa ikiwaka na kuzimika kabla ya kuanza. Ukishabonyeza REC tazama vitu viwili, taa nyekundu na saa inayokimbia kwenye kioo, halafu sukuma swichi ya pembeni kwenye HOLD ili kitufe kisiguswe kwa bahati mbaya. Jina la mtu usilitaje baada ya hapo; taja namba ya mahojiano na tarehe.

Upungufu ni kwamba haina nywila. Anayeokota rekoda anasikiliza kila kitu: nani ana kifafa, nani alilazwa kwa ugonjwa wa akili, binti wa nani anakaribia kuolewa na ugonjwa haujasemwa kwa wakwe. Katika mji mdogo sauti inatambulika hata bila jina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Basi siku hiyohiyo jioni hamishia mafaili kwenye folda iliyofungwa kwa nywila katika kompyuta, sikiliza mwanzo na mwisho wa kila faili, tengeneza nakala ya pili kwenye diski nyingine iliyofungwa vilevile, ndipo ufomati kadi. Kusafiri kwenda Dar es Salaam na kadi iliyojaa mfukoni ni uzembe, na kamati ya maadili iliyokupa kibali ina haki ya kukuuliza.

Kwa kunukuu, H1n inaweza kucheza sauti polepole hadi nusu ya mwendo, ingawa kazi halisi utaifanya kwenye kompyuta. Panga muda wa saa nne hadi sita za kuandika kwa kila saa moja ya mazungumzo, zaidi kama msimuliaji anachanganya Kiswahili na Kikwere au Kizaramo. Programu za kunukuu kwa mashine hazijafika hapo. Huelekea kugeuza lafudhi ya pwani kuwa Kiswahili cha taarifa ya habari, yaani zinarudia kosa lilelile la daftari, tena kwa kujiamini. Anukuu mtu wa hapa anayejua kwamba "kichwa hakijatulia" si sawa na "kichwa kinauma", aandike na vimya kwa sekunde.

Kuna mdogo wake, H1essential ya 2024, usiohitaji kuweka kiwango cha sauti kabisa, na kwa anayefundisha wasaidizi wapya kila mwezi hilo ni jambo la maana. Mafaili yake ni makubwa zaidi, na kompyuta za zamani zinahitaji programu inayoyasoma. Aliye na H1n inayofanya kazi hana sababu ya kuibadilisha. Anayenunua H1n iliyotumika aingie dukani na betri zake, kadi yake na hedifoni zake: azungushe gurudumu taratibu akisikiliza kama linakwaruza, asukume HOLD mara kumi, kisha arekodi dakika moja nje ya mlango na kusema kwa sauti ya kawaida, mara tatu, "alianguka, aliangushwa", na asikilize kabla ya kulipa.